Kilo Mia Moja Sitini na Mbili za Kupunguza

Mshale wa mizani ulisimama kwenye mia saba na kumi na mbili, ukaganda. Nikasogea kushoto kwenye kiti, nikasogea kulia, nikatoa pumzi yote kifuani. Mia saba na kumi na mbili! Bwana Kitwana, mpimaji wa lango la mji, mtu mpole kwa ule upole wa kumtia mwenzake wazimu, aliandika namba hiyo ubaoni kwa chaki, akajipangusa kwenye koti lake la kaki, akaniambia, "Sheria ni mia tano na hamsini, Mwalimu. Gari, dereva na vyote vilivyomo. Punguza kilo mia moja sitini na mbili tu, upite."

Tu, anasema. Tu! Nimelichoka neno hili jamani. Dakika moja tu, hapa karibu tu, kidogo tu. Katika mji wetu huu, ambao hakuna aliyewahi kuupa jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuutazama kutoka nje, mtu anaweza kuzaliwa, kuota mvi na kuzikwa ndani ya neno tu, na watu wakarudi makwao wakisema alikuwa mtu mwema. Nilirudisha gari kinyumenyume mpaka gereji, kwa sababu barabara ya lango ni nyembamba na haina mahali pa kugeuzia.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, basi mtu asije kunieleza mimi uzito ni nini. Uzito ni namna dunia inavyokuvuta usikotaka kwenda. Ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wangu, nao walicheka, wakaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyeniuliza swali linalonikereketa sasa: ukikipunguza kitu, ukapunguza, ukapunguza, kile kinachobaki ndicho chenyewe, au ni kile tu ulichoshindwa kukiondoa? Laiti mtoto mmoja angeniuliza, ningekuwa nimeshalifikiria mapema.

Na kigari chenyewe, nasema kweli, hakikuwa kizito. Ni kigari cha viti viwili, chekundu kilichopauka, boneti ndefu, nyuma karibu hakuna kitu, paa la turubai la kukunja. Kilitengenezwa zamani kwa ajili ya vijana wenye haraka, kikafika kwangu kikiwa kizee, nikakifufua mimi na binti yangu Shemsa alipokuwa na miaka kumi. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia chini ya injini kwa sababu mwili wake ulikuwa mdogo. Siku kilipowaka mara ya kwanza tulipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Shemsa yuko ng'ambo ya lango. Miaka saba sijamwona. Ameniandikia barua moja, mistari minne, na nimeisoma mpaka karatasi imelegea: *Nitangoja Njia Panda mpaka Jumamosi. Njoo wewe, mama. Usinitumie mtu, usinitumie kitu. Baada ya hapo navuka ng'ambo ya pili, na huko barua haziendi.* Basi. Hakuna salamu, hakuna nakutakia afya. Nilipoipata ilikuwa Jumatano asubuhi. Siku tatu zilinitosha kabisa. Mtu mwenye gari na siku tatu hahitaji kubembeleza mtu.

Fundi Songoro alilizunguka gari mara mbili, amefumba jicho moja, akasema, "Kila kitu kwenye gari kina sababu, Mwalimu. Ila sababu nyingine hazina maana." Huyu ni mtu ambaye hukutana na spana kwa furaha kuliko anavyokutana na watu. Tukaanza. Tulitoa tairi la akiba, jeki na sanduku la zana. Tulitoa bampa ya mbele na ya nyuma, chuma kitupu, nzito hizo! Tulifunua mazulia, na chini ya mazulia tukakuta lami ngumu iliyobandikwa kuzuia kelele, tukaipiga kwa patasi mpaka magoti yakatuuma. Tulipima kila kitu kwenye mizani ya mkaa iliyokuwa pale gereji. Kilo sitini na moja. Nilifurahi, na furaha yangu ndiyo iliyoniponza, maana nilitoka nje nikamkuta jirani yangu Bi Mgeni anapita na kikapu, nikamwambia, "Mwenzangu, nimeshapunguza kilo sitini na moja!"

Mimi na mdomo wangu.

Huku kwetu msafiri si mtu, ni chombo. Ukitangaza safari umetangaza nafasi. Hakuna atakayekuuliza unaenda kufanya nini, utaulizwa unapita wapi. Na kukataa kubeba mzigo wa mtu ni jambo ambalo hata matusi yetu hayajalifikia. Ukikataa mzigo wa mtu umemtakia kifo yule aliyetumiwa, kwa sababu nani mwingine hahitaji kuletewa kitu ila maiti? Ndivyo tulivyolelewa. Bi Mgeni alipofika kwake aliuambia mtaa mzima, bila ubaya wowote moyoni, "Mwalimu Siwema amepata nafasi ya kilo sitini na moja."

Tulipotoka gereji walikuwa wamejipanga. Achari ya maembe, chupa mbili. Jozi ya kandambili. Saa ya ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi, eti huko ng'ambo hakuna mafundi wa kutengeneza mbuzi nzuri. Picha ya harusi yenye fremu na kioo. Kila mmoja alikuja na tabasamu na neno lake: kidogo tu, Mwalimu, hata hakina uzito. Nami niliitikia haya, haya, lete, haya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikishuhudia usufi unavyoweza kulalia springi za gari mpaka zikanung'unika.

Langoni, mia saba na kumi na mbili.

"Haiwezekani!" nilimwambia Bwana Kitwana. "Mizani yako mbovu."

"Mizani husema ilichopewa, Mwalimu."

"Nimetoa sitini na moja!"

Bi Mgeni, aliyekuwa amenisindikiza pamoja na nusu ya mtaa, akajitokeza kunitetea. "Ni kweli ametoa sitini na moja. Na sisi tumetia sitini na moja. Tumepima wenyewe, hatukuzidisha hata robo. Watu wazima sisi, tutamzidishia mwenzetu?"

Hebu niambie, kwa uaminifu wa namna hiyo utamgombeza nani? Wangekuwa wezi ningewafukuza. Wangekuwa wajinga ningewafundisha. Walikuwa watu waaminifu wenye mizani sahihi na mapenzi tele, na dhidi ya watu wa namna hiyo sijawahi kuona silaha. Nilirudi kinyumenyume. Shingo ilianza kuniuma kwa kutazama nyuma.

Kesho yake ilikuwa Jumatano.

Najua. Nami niliuliza. Bi Mgeni alinishangaa. "Sasa ingekuwaje Alhamisi na wewe hujaagana na watu vizuri?" Hayo ndiyo mambo ya mji wetu: siku haifungwi mpaka msafiri aage nyumba zote, na mimi nilikuwa nimeaga mtaa mmoja tu. Jua lilitua kwa heshima tu, likachomoza tena palepale lilipochomoza jana, na jogoo yuleyule akawika akionekana amechoka. Ng'ambo ya lango hawana utaratibu huu. Ng'ambo siku hupita ikitaka isitake. Kwa hiyo Jumatano yangu ilikuwa moja, na ya Shemsa sikuijua imefika wapi.

"Toa viti," nilimwambia Songoro.

"Utakalia nini?"

"Nimekuambia toa."

Alitoa viti, nikakalia mto wa usufi juu ya bati. Akatoa turubai na vyuma vyake. Akatoa honi. Akatoa kioo cha mbele, na nilimwambia upepo haujawahi kumuua mtu wa rika langu. Akatoa milango, nayo ilikuwa na uzito wa ajabu, ilikuwa imejaa maji ya mvua ya miaka. Akachukua keekee akatoboa matundu kwenye pedali, kwenye mikono ya chuma, kwenye kila bati lililokuwa na nafasi ya tundu, na vipande vidogo vya chuma vikawa vinadondoka sakafuni, Songoro akavifagia, akavipima. Gramu mia nne! Alinionyesha kwa fahari. Tulibadilisha betri tukatia ndogo ya pikipiki. Petroli tulibakiza lita tatu. Kisha akashika wenzo wa breki ya mkono, akanitazama.

"Huu je? Kilo mbili na ushee, pamoja na waya zake."

"Toa."

"Mwalimu."

"Songoro, mimi nakwenda, sisimami. Breki ya mkono ni ya watu wanaosimama."

Akatoa.

Nilikaa juu ya mto wangu nikalitazama lile lililobaki. Fremu, injini, usukani, magurudumu manne. Kupitia sakafu yenye matundu niliona ardhi. Je, hili bado ni gari? Ukilitoa bampa ni gari. Ukilitoa milango ni gari. Ni lini basi lilipoacha? Hakuna siku. Hakuna mtu anayeweza kuweka kidole kwenye boliti moja na kusema, hapa, hapa ndipo gari lilipokwisha. Na mtu je? Mtu ukimtoa hamu yake ya kulala, ukamtoa hasira zake, ukamtoa siku zake za Jumapili, ukamtoa la hapana kinywani, ukamtoboatoboa ili awe mwepesi kubebea mambo ya wenzake, ni lini alipoacha kuwa Siwema? Mimi ni nani hasa kwenye safari hii? Mwenye gari? Gari? Au ni bati la kufungia mizigo? Maswali ya kipuuzi, na jua kali namna hii.

Si ya kipuuzi. Nitasema, maana nimechoka kuzunguka. Siku Shemsa alipojifungua, na mtoto hakulia, walinitumia habari asubuhi. Nilifika alasiri. Nilikuwa na vyungu vya watu vya kupeleka, jamani. Nilikuwa nimeahidi. Nikapita nyumba ya kwanza nikaambiwa kaa kidogo unywe chai, nikapita ya pili, nikapita sita. Nilipoingia chumbani kwa mwanangu alikuwa amekwisha kuoga, amefungwa khanga, anatazama ukuta. Aliniuliza, "Umemaliza kuzungukia watu?" Hakuuliza kwa ubaya. Mwezi ule ule akapita lango akaenda zake, na watu wakaniambia vijana wa siku hizi hawana subira.

Basi mnajua kwa nini ilinipasa nipite. Kama Jumamosi itapita kabla yangu, sitakuwa na mtoto. Si kwamba atakufa, hapana. Atakuwa hai mahali, atakula, atacheka, na kwake mimi nitakuwa mtu aliyekuwa na shughuli.

Tulipotoka gereji mara ya pili, mstari ulifika kwenye kona. Habari zilishaenea kwamba Mwalimu sasa amepata nafasi ya mia moja na kitu. Jiwe la kusagia. Cherehani! Nilimwambia mwenye cherehani, "Bwana, mimi nimetoa kiti changu mwenyewe," naye akanijibu kwa kunihurumia, "Ndiyo maana nikasema itakaa pale pale penye kiti, Mwalimu, haitakusumbua." Na wale waliokosa nafasi hawakukasirika. Walisogea mmoja mmoja, wakanishika bega, wakanituma salamu. Msalimie sana kaka yangu. Mwambie tupo. Mwambie yule mbuzi alizaa. Mwambie tumesamehe. Nikawa naitikia, zimefika, zimefika, zitafika. Ilipofika saa sita mchana walikuwa wameacha kuniita jina. "Gari, hujambo?" mzee mmoja aliniamkia. "Sijambo," nikamjibu. Ebo! Nikamjibu!

Langoni, mia saba na kumi na mbili.

Hapo ndipo kichwa kiliponipasuka. "Bwana Kitwana! Hao watu waliokosa nafasi hawakutia kitu! Nimehesabu kilo kwa kilo. Mahali pa kuweka palijaa, lakini kwa uzito ilibaki nafasi ya kilo mia na ushee, hakuna aliyetia kitu humo, na mshale wako uko palepale. Nieleze. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nieleze kwa lugha ninayoijua."

Alikuna kidevu. "Umepokea salamu ngapi?"

"Salamu?"

"Salamu nazo zina uzito, Mwalimu. Robo kilo kila moja. Za ndugu wa damu, nusu. Za kusameheana sijawahi kuzipima sawasawa, mshale hutetemeka."

Lahaula. Nilikaa juu ya mto wangu. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya ubao. Nilitazama nyuma, watu wote wakanipungia, wamependeza, wamevaa nguo za kusindikizia, wengine wamekuja na watoto mgongoni ili waone Mwalimu anavyopita. Wananipenda. Hilo ndilo linalochosha kuliko yote: wananipenda, na hakuna hata mmoja anayejua ninakokwenda ni kwa nani. Hawakuuliza. Nami sikusema, kwa sababu kusema kungekuwa kuomba wanipunguzie, na kuomba kupunguziwa ni aibu, na aibu nayo, bila shaka, ina kilo zake.

Nilishuka garini ili nikagombane naye ana kwa ana. Hilo tu. Nilitaka kumsogelea yule mtu mpole nimwambie maneno ambayo nimeyaweka tangu nilipokuwa msichana. Niliinua mguu, nikautia chini, nikaunyanyua na wa pili, na nyuma yangu nikasikia mizani ikilia, ule mlio wa springi inayopumua.

Mia tano arobaini na mbili.

"Loo!" Bwana Kitwana akasema, akaandika ubaoni. Nilipiga hesabu palepale, ugonjwa wa ualimu. Kilo mia moja na sabini zimeshuka. Na mimi nina kilo sitini na nane, nimezipima mwenyewe juzi kwenye ile mizani ya mkaa. Sitini na nane ndizo Siwema. Mia na mbili zilizobaki zilikuwa salamu za watu, nazibeba kifuani, kwenye magoti, kwenye hii shingo inayoniuma. Nilisimama pale nikijishika mikono kuona kama bado ni mimi.

Sikupata muda. Lango letu hufunguka lenyewe mshale ukishuka chini ya mia tano na hamsini, ndivyo lilivyoundwa, halijui kuuliza. Likafunguka. Na watu wangu, walipoliona limefunguka, walipaza sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya uhuru wa kitu fulani ambacho nimekisahau. "Limepita! Limepita!" Vigelegele! Bi Mgeni analia kwa furaha. Wakaja mbio, wakatia mabega yao nyuma ya kigari, wakasukuma.

"Subirini!" nilipiga kelele. "Mimi sijapanda!"

"Usijali, Mwalimu, tunakusaidia!"

Ng'ambo ya lango ni mteremko. Niliruka kushika wenzo wa breki ya mkono, mkono wangu ukashika hewa. Kigari changu chekundu kilishuka taratibu, kisha si taratibu, cherehani imekaa penye kiti, saa ya ukutani inang'aa, usukani unajigeuza wenyewe kwenye kona kwa sababu kile kigari siku zote kilikuwa na akili kuliko sisi. Kikapotea. Watu walijipangusa mikono, wakapongezana. Mtu mmoja akasema, sasa mizigo itafika salama. Hakuna aliyegundua kwamba msafiri bado amesimama kati yao.

Nilimgeukia Bwana Kitwana. Sauti yangu ilikuwa ndogo kwa hasira. "Nifanyeje sasa? Gari limekwenda. Mimi na hizi salamu tuna kilo mia na sabini. Utanipima na nini?"

"Hupimwi."

"Nini?"

"Waendao kwa miguu hawapimwi. Hawajawahi kupimwa. Mlango wao ule pale pembeni, uko wazi." Akanionyesha kimlango cha mbao, kimefunikwa na majani ya mlangamia, kweli kiko wazi, kuku anatoka.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Ulikuja na gari." Kisha, kwa huruma, huruma ile ile, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Nataka iandikwe kwamba sikumpiga.

Nilipita kwenye kile kimlango, kuku akanipisha. Njia ya kwenda Njia Panda inashuka, inapinda, inashuka tena, na nilitembea na uzito wa watu mia nne kifuani. Kwanza nilizikariri zile salamu ili nisizisahau, kwa tabia. Kaka wa fulani, mbuzi alizaa. Shangazi wa fulani, tupo. Nyonga zinauma. Mbuzi alizaa. Tupo. Tumesamehe. Nani amemsamehe nani? Kwenye kona ya kwanza moja ikaniponyoka, nikasimama, nikageuka kuitafuta njiani kana kwamba nimeangusha sarafu. Nilijisikia mwizi. Kisha nikasema, ah, na iende. Ikaenda nyingine. Ziliondoka zenyewe, mbili mbili, tano tano, na kila ilipoondoka nilikumbuka kitu changu: kwamba sipendi chai ya tangawizi, ingawa nimeinywa kwenye nyumba za watu miaka yote. Kwamba nilitaka kusomea nyota. Kwamba mjukuu wangu yule ambaye hakulia alikuwa na nywele nyingi, nami sikumtazama zaidi ya mara moja, kwa sababu kulikuwa na wageni sebuleni wa kupokewa.

Nikaanza kwenda haraka. Jua la ng'ambo huku lilikuwa linatembea kweli, kivuli changu kilikuwa kinarefuka huku nakitazama. "Leo siku gani?" nilimuuliza mtu mwenye jembe begani.

"Jumamosi. Alasiri inakwisha."

Njia Panda ni mahali patupu, barabara mbili na jiwe la kukalia. Kigari changu kilikuwa kimesimama katikati, kimegota kwenye jiwe, hakina mkwaruzo. Watu kama thelathini walikuwa wamekizunguka, na kila mmoja ana chake: huyu anajaribu kandambili, huyu ameikumbatia saa ya ukutani, mwanamke wa makamo mwenye khanga ya kijani ameketi chini na mbuzi yake ya nazi mapajani anaipapasa. Furaha tupu. Nilipita kati yao nikiangalia nyuso. Nyuso zote zilikuwa ngeni.

"Kuna binti alikuwa hapa," nilisema. "Mrefu. Shingo ndefu. Anaitwa Shemsa."

"Yule aliyetugawia?" mwenye khanga ya kijani akasema. "Dada mwema yule! Alikuwa amekaa kwenye hilo jiwe siku tatu, anakataa hata maji. Gari lilipotokeza pale juu akainuka mbio, akalikimbilia, anacheka, analia. Likasimama mbele yake. Akachungulia ndani." "Akaona hakuna mtu. Akalizunguka lote, Bibi, akainama mpaka chini kutazama. Kisha akasema, mizigo. Basi. Akaanza kusoma majina yaliyoandikwa kwenye mizigo na kutuita mmoja mmoja. Hakukosea hata mmoja. Ungemkuta, lakini alisema lazima kwanza kila mtu apate chake."

Nilishikilia fremu ya gari. Bati lilikuwa bado lina joto.

"Alisema neno?"

"Alisema, akija mtu kutoka ule mji, mwambieni mama vimefika vyote."

"Ameelekea wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye barabara ya kushoto, ile inayokwenda ng'ambo ya pili, na mbali sana, pale barabara inapopanda, niliona mtu anatembea, mdogo, hageuki. "Hajafika mbali. Kama unamfuata," mwanamke yule akasema, akiwa ameshaingiza mkono kwenye kifuko chake, akiwa ameshatabasamu lile tabasamu ninalolijua tangu nizaliwe, "basi nipelekee hiki kwa shemeji yangu. Ni kidogo tu."

Kilikuwa kitambaa kimefungwa fundo. Kweli kilikuwa kidogo.

"Sichukui," nilisema.

Alidhani hakusikia vizuri. "Ni pilipili manga kidogo tu, Bibi, hata hazina…"

"Sichukui! Sichukui pilipili, sichukui salamu, sichukui habari ya mbuzi wa mtu. Peleka mwenyewe. Una miguu." Yule aliyekuwa na saa ya ukutani aliishusha chini. Uso wa mwanamke ulivunjika, akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyetukana marehemu, na niliona aibu, naapa niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Nina miaka hamsini na tisa. Sikimbii vizuri. Viatu nilivivua vikabaki njiani, khanga ya kichwani ikaanguka, sikuiokota. Nilikuwa na kilo sitini na nane, labda pungufu. Nilimwita jina, sauti haikutoka, nikamwita tena, nikakohoa, nikamwita kwa ile sauti ya kumwita mtoto aliye chini ya injini atoke, chakula tayari. Mtu yule kule juu alipunguza mwendo. Akasimama. Nilifika hatua kama kumi kutoka kwake nikashindwa kuendelea, pumzi imekwisha, nikabaki nimeinama, mikono imening'inia.

Shemsa aligeuka. Amekonda, ana mvi moja mbele. Hakunitazama usoni. Alitazama kwanza mikono yangu.